Dawa Iliyoponya Panya

Wanangu wa kiume walikuwa wawili, Simioni na Marwa. Simioni alisoma mpaka akawa mkemia, akafanya kazi ya utafiti Dar es Salaam. Marwa alibaki nami Machochwe, akilima na kuchunga. Serikali ilipotuhamishia kijiji kipya karibu na mpaka wa hifadhi, alikata miti ya kujengea nyumba yangu kabla ya kukata ya kwake. Huko porini, kwenye miti, ndiko mbung'o walikomuuma.

Mwanzo alilalamika kichwa. Baadaye akawa analala mchana, tonge likiwa bado mkononi, na usiku anakaa macho akigombana na mkewe Ghati kwa jambo dogo kama moshi wa jikoni. Mganga wa zahanati alimpapasa shingo, akasema ni malale, apelekwe hospitali upesi kabla ugonjwa haujaingia kichwani. Marwa akakataa.

"Sindano ile naijua," alisema. "Inachoma kama pilipili kwenye mshipa. Jirani yetu Werema alikwenda kwa miguu yake, akarudi amefungwa ndani ya blanketi."

Hakusema uongo. Dawa ile ilikuwa na arseniki, sumu ileile ambayo zamani tuliogeshea ng'ombe joshoni. Wengi iliwaponya na wachache iliwaua, nasi tuliwakumbuka wale wachache.

Siku hizohizo akaja Tamimu, mwenye duka wa Mugumu, na gazeti. Alikuwa ameendesha baiskeli njia nzima ya vumbi ili aniletee mwenyewe. Nilikuwa nimejifunza kusoma katika darasa la watu wazima, lakini nasoma polepole. Tamimu hakuninyang'anya gazeti nilipokwama. Alikaa akangoja nimalize neno. Gazeti lilisema kijana wa Mara ametengeneza dawa mpya ya malale, na habari zake zimechapishwa katika majarida ya wataalamu wa nje.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, tukapigiwa vigelegele. Tangu hapo Marwa hakutaka tena kusikia habari za hospitali.

"Ndugu yangu ana dawa," alisema, "mimi nikachomwe sumu ya ng'ombe kwa nini?"

Nilimwomba. Ghati alimwomba akilia. Lakini mtu mzima humbebi mgongoni. Tamimu akatuma telegramu Dar es Salaam, na Simioni akaja.

Alikuja na majarida mawili kwenye begi, dawa hakuja nayo. Kila moja lilikuwa na jina lake, na jina hilo niliweza kulisoma. Kilichofuata kilikuwa Kiingereza na michoro kama mizinga ya nyuki iliyopangwa bega kwa bega. Akanieleza. Dawa, alisema, imeungwa kwa vipande vidogo visivyoonekana. Yeye huondoa kipande kimoja akaweka kingine, kisha huandika jinsi alivyounga, ili mtu wa nchi nyingine aunge vilevile. Hilo ndilo jarida la kwanza. Katika la pili aliandika pamoja na madaktari: walimpa dawa panya mwenye malale, wakapima damu yake, wadudu wakawa hawamo.

Marwa alikuwa amejilaza kwenye ngozi karibu na mlango. Tulidhani amelala.

"Panya alipona?" aliuliza.

"Alipona."

"Basi, mura, ndugu yangu, mimi niite panya."

Tulicheka wote, hata Ghati. Simioni alicheka kidogo, kisha akapiga magoti mbele ya ndugu yake.

"Sijui itafanya nini kwa mtu. Panya si mtu, Marwa. Kuna miaka ya kazi imebaki. Sungura, mbwa, kisha ndipo mtu. Twende hospitali kesho."

"Miaka! Mimi nina miaka?"

"Ndiyo maana nasema twende hospitali."

"Gazeti limesema una dawa."

"Gazeti limeandika nusu."

Kwetu, mwenye nyumba akipika pombe, mrija wa kwanza ni wake. Huvuta yeye mbele ya wageni, wote wakimtazama, ndipo wengine wanainamia chungu. Asipovuta, hakuna anayegusa, na mtu haulizi kwa nini.

"Wewe umeonja?" Marwa akamwuliza.

"Hapana."

"Umepika pombe, umeisifu mpaka Ulaya, na hujaonja. Sasa nani ainywe?"

Alisema kwa utani, lakini niliona Simioni ameinamisha kichwa kama aliyepigwa. Kisha akasema, "Nikionja ikanidhuru, utakubali sindano?"

"Nitakubali."

"Na usiponiona nikirudi upesi?"

"Nitakungoja. Wewe ndiye utakayenipeleka."

Nikasema, "Simioni, acha ahadi za vilabuni. Mbembeleze tu mwenzako." Akanijibu, "Nimembembeleza, mama." Asubuhi alipanda gari la Musoma.

Majuma yalipita. Marwa alikonda. Ghati alikuwa akimtafunia nyama kidogo, akimwamsha, akimlisha, akimwamsha tena. Hakulalamika hata siku moja, ingawa alikuwa na mimba kubwa. Kila nilipomwambia Marwa twende, alisema anamngoja ndugu yake, na macho yakajifumba katikati ya neno.

Jioni moja gari dogo aliloazima Tamimu lilisimama uani. Simioni akashuka, mkono wake juu ya bega la Tamimu. Nilimkimbilia. Uso aliuelekeza kwangu, lakini macho yalitazama pembeni yangu.

"Mama, uko upande gani?"

Nilimshika uso. Alikuwa amejichoma dawa yake mwenyewe, peke yake, mlango wa maabara ukiwa umefungwa. Siku chache baadaye mwanga ulianza kumpungua pande zote, kama mtu anayetazama kupitia bomba. Madaktari walitaka alale kwao. Akatoroka kuja kwetu. Kutoka Musoma alibahatisha mabasi kwa kuuliza watu, na kila mahali, alisema, kulikuwa na mtu aliyemwelekeza mpaka kwenye kiti. Mugumu alimwulizia Tamimu.

Aligonga kizingiti alipoingia ndani. Marwa akafumbua macho, akamwona anapapasa ukuta.

"Mura," alisema, sauti yake nyembamba, "umekunywa kweli?"

"Nimekunywa. Ni mbaya."

Marwa akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu jando. "Nipelekeni," akasema.

Tulimpeleka usiku uleule, kichwa chake mapajani kwa Ghati. Tamimu alivua koti akamfunika, akaendesha akitetemeka kwa baridi. Hospitalini daktari alimtoa maji ya uti wa mgongo, akatuambia bila kutuficha kwamba ugonjwa umeshaingia kichwani. Wakaanza sindano. Simioni alikaa kando ya kitanda. Hakuweza kuona uso wa ndugu yake, hivyo aliuweka mkono wake kwenye paji lake akausoma kwa vidole. Muuguzi mmoja, Mwanamvua, mwanamke wa pwani, alimwachia kiti chake akafanya kazi amesimama zamu nzima.

Marwa alianza kupata nafuu, akaomba uji. Baada ya sindano nyingine mwili ukamkakamaa. Alikufa kabla ya adhuhuri, na Simioni hakuondoa mkono mpaka Mwanamvua alipomwambia, "Baba, ameshapumzika."

Ghati alijifungua mwana wa kiume tuliyempa jina la baba yake.

Simioni alikaa kwangu karibu mwaka. Jicho moja lilirudi kidogo, la kutosha kutofautisha ng'ombe na kichuguu. Aliwaandikia wenzake, Ghati akimshikia kalamu palipokuwa pagumu, akawaomba waijaribu ile dawa kwa sungura na kutazama macho yao. Sungura nao wakapofuka. Akachapisha makala ya tatu, fupi, yenye jina lake, ikisema dawa aliyoisifu haifai kupewa mtu. Tamimu alitafuta katika magazeti yaliyouzwa Mugumu na Tarime. Habari hiyo hakuna aliyeiandika.

Ndiyo maana watu walianza kuja. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa Kenyamonta. Alimleta mumewe juu ya punda, amefungwa kwa kamba asianguke, amelala.

"Shikamoo, mama. Ni hapa kwa mwenye dawa ya malale?"

Simioni alikuwa anapukuchua mahindi. Aliinuka, akafuata sauti.

"Ni mimi," alisema. "Dawa yangu hupofusha. Ilinipofusha mimi. Mpeleke hospitali leo."

"Hospitali wanaua," yule mwanamke akasema. "Nimesikia wewe mwenyewe walikuulia ndugu."

Nilidhani Simioni atakaa chini. Alisimama, punje za mahindi zikidondoka kutoka mikononi mwake.

"Ndugu yangu alichelewa," alisema. "Alikuwa ananingoja mimi."

Akaniomba koti. Sikutaka arudi kwenye wodi ile. Nilitaka kumficha ndani, kama nilivyomficha alipokuwa mchanga na tai wanazunguka. Lakini mgonjwa alikuwa anakoroma juu ya punda, na mkewe amesimama juani miguu imepasuka. Nikamletea mwanangu koti. Nikampa yule mama viazi vya njiani, nikauweka mkono wa Simioni kwenye kamba ya punda, nao wakaondoka.