Matabishi ya Mkono Mmoja

Jumatatu moja katikati ya mwezi wa saba, Ngalula alipanga vifurushi arobaini vya majani ya mgomba juu ya meza yake, katika soko dogo la Dilala, kando ya barabara ya malori ya mgodi. Kila kifurushi kilikuwa na ukubwa wa kidole gumba, kimefungwa kwa uzi wa mgomba, na ndani yake mlikuwa na mafuta ya kujipaka ya kutosha mkono mmoja, tangu kiwiko mpaka vidole. Nyuma ya vifurushi alisimamisha vibuyu sita vilivyojaa mafuta yaleyale. Vibuyu vilikuwa vya kuuza. Vifurushi vilikuwa vya bure.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule aliiacha darasa la nne, na haya alizokuwa nazo zilikuwa nyingi kiasi kwamba mtu akimsalimu ilibidi amtazame midomo ili ajue kama ameitika. Ng'ambo ya njia alikaa Chancelle, aliyeuza mafuta ya mirija ya plastiki kwa kipaza sauti: "Mama, kuya! Tata, kuya! Ngozi ya papai!" Ngalula hakujua kuita hivyo. Kwa miezi miwili alikuwa ameuza vibuyu vitatu, na kimoja kati yake kilinunuliwa na mjomba wake.

Mama Honorine, mkubwa wa soko, alikuwa amekwisha kumwambia, bila hasira.

"Mutoto yangu, meza haiko kiti ya kupumuzikia. Fête ya bazazi iko tarehe moya ya mwezi wa nane. Siku moya mbele yake nitapita. Kama sione bantu apa, meza minapatia Chancelle."

"Ndiyo, mama," ilisema midomo ya Ngalula. Sikukuu hiyo ya wazazi ilikuwa imebakiza majuma mawili.

Ndiyo maana ya vifurushi. Katika masoko ya mji wa Kolwezi, Dilala likiwemo, matabishi ni kile kidogo ambacho muuzaji humwongezea mnunuzi akishalipa: nyanya moja, kiganja cha unga, kichwa cha samaki. Ngalula aliona haya kumwomba mtu anunue, kwa hiyo aliamua kutoa matabishi kwanza. Alinyoosha mkono wenye kifurushi, akatazama chini.

Wa kwanza kupokea alikuwa yaya Fifi, yaani dada Fifi, wa meza ya jirani, aliyeuza makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi.

"Matabishi ya nini? Mi sijalipa hata franka."

"Kamata tu, yaya."

"Ao unaona samaki yangu inanuka, njo maana unanipatia mafuta?"

Ngalula alitikisa kichwa akicheka. Fifi akafungua jani, akajipaka mkono wa kushoto, akanusa, akasema inanukia asali. Jani akamtupia mbuzi aliyekuwa akipita, naye mbuzi akalila pamoja na uzi wake. Hilo Ngalula alikuwa amelitaka. Mwezi wa kwanza, mvua zilipokuwa kali, mifuko ya plastiki iliziba mfereji mbele ya nyumba yao. Maji yakaingia mpaka kwenye kitanda cha mamake na kuondoka na kiatu kimoja. Tangu siku hiyo alisema chake hakitafungwa kwa plastiki. Jani litaliwa na mbuzi, na kibuyu kitarudishwa kijazwe tena.

Saa tatu malori yakapita, moja, mawili, saba. Vumbi jekundu likainuka na kutua juu ya nyanya, juu ya nywele, juu ya makayabu. Lilipoufikia mkono wa kushoto wa Fifi lilisimama umbali wa ukucha, likaupisha kama watu wanavyopisha jeneza njiani, kisha likaenda kutua kwenye mkono wa kulia.

Fifi aliitazama mikono yake.

"Huyu anapendeza," alisema. "Na mwenzake?"

"Mwenzake iko mu kibuyu," alijibu Ngalula. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwezi huo.

Fifi akanunua kibuyu.

Vumbi hilo lilikuwa na historia yake. Kampuni ya mgodi ilikuwa imeahidi gari la kumwagia barabara maji, na ahadi ilikuwa na utaratibu. Kila siku ya mwisho ya mwezi, mtumishi wa kampuni aitwaye tata Dimitri alikuja sokoni na vitambaa vyeupe, akafuta mikono ya watu ishirini. Vitambaa vikichafuka miezi mitatu mfululizo, gari la maji litakuja. Mwezi wa tano vilichafuka. Mwezi wa sita vilichafuka. Watu wa soko walikuwa wamejiwekea sheria: siku ya kitambaa hakuna kunawa mikono mpaka tata Dimitri aondoke. Mamake Ngalula, aliyekuwa akikohoa tangu kiangazi kianze, alihesabu kwa vidole akaona umebaki mwezi mmoja.

Kufikia Jumatano, nusu ya Dilala ilitembea na mkono mmoja safi. Waendesha taksi-moto walipungia watu kwa mkono wa kushoto tu. Kanisani, wimbo wa kuinua mikono ulipofika, mikono ya kushoto iling'aa safu kwa safu, na mchungaji akaomba aletewe na yeye. Watu walikuja wakikimbia kutafuta mkono wa pili, halafu shingo, halafu miguu, halafu mume.

"Ngalula, harakisha! Siku ya samedi ninaoza mutoto, siwezi kusimama pale nusu nusu!"

"Mi niko na kipara," alisema mzee Muteba, fundi viatu. "Kifurushi moya itatosha?"

"Kwa ile uwanja, tata?" Fifi alimjibu kwa niaba ya Ngalula. "Kamata bibuyu mbili, na ulete mutu wa kukusaidia kupaka."

Hakuna aliyeuliza kwa nini vumbi linapisha. Waliuliza kama mafuta yanafaa ngozi ya mtoto, na kama asali haitaleta nyuki. Ngalula alikoroga tangu alfajiri. Wajomba walimletea majani ya mgomba kwa baiskeli, na mfanyabiashara mmoja akaleta kutoka Musumba gunia la vibuyu vidogo na nta ya nyuki. Alifurahi hata akasahau kula.

Kwa wageni aligundua njia ya kuongea bila kuongea. Alijipaka mkono wa kushoto peke yake, na kila malori yakipita aliweka mikono yake yote miwili juu ya meza. Wa kushoto uling'aa. Wa kulia ulikuwa mwekundu kama tofali. Watu walitazama huku na huku, wakatoa pesa. Mkono wa kulia hakuupaka hata siku moja. Ulikuwa kibao chake cha duka.

Chancelle naye alituma mtu amnunulie kibuyu, akayagawa mafuta katika vifuko vya plastiki na kuwapa watu watano bure. Malori yalipopita, vumbi liliwaendea wale watano moja kwa moja, na hata lile lililokuwa limekwisha kutua kwa wengine liliinuka likawafuata. Mchana huohuo Chancelle alivuka njia.

"Ngalula, ndugu yangu, plastiki imenikatala. Unionyeshe majani."

Ngalula akamwonyesha: unalipitisha jani juu ya makaa mpaka ling'ae, unatoa uti wa katikati, unakunja mara tatu, unafunga. Chancelle alishukuru, na kwa shukrani akakigeuza kipaza sauti kielekee meza ya Ngalula, muziki ukapigwa kutwa nzima.

Siku ya mwisho ya mwezi wa saba soko lilijaa tangu saa moja. Kesho yake kila mtu angempelekea mzazi wake zawadi, na zawadi ya mwaka huo ilikuwa kibuyu. Mstari ulianza mezani kwa Ngalula, ukapita makayabu, ukazunguka choo, ukarudi. Watu walijipaka hapohapo, mikono yote, shingo, masikio, wakicheza muziki, na sheria ya siku ya kitambaa hakuna aliyeikumbuka. Mama Honorine alisimama pembeni akitazama, na yeye aking'aa mpaka kwenye visigino.

Ngalula alikuwa akijaza kibuyu cha ishirini na nane alipoliona gari jeupe la tata Dimitri likiegesha. Kibuyu kilimteleza mkononi. Alitazama mstari: mikono mia mbili, hakuna hata mmoja wenye vumbi.

"Musimupatie mikono," alisema.

Muziki ulikuwa juu.

"Unasema?" aliuliza Fifi.

"Leo njo siku ya kitambaa. Musimupatie mikono."

Fifi alimwangalia midomo, lakini kichwa cha mteja kilipita katikati. "Ndiyo, mikono!" akaitikia kwa furaha, akakimbilia gari pamoja na wengine. "Tata Dimitri, anza na mi! Futa! Futa na huku! Ona vile Dilala inang'aa!"

Walisukumana kumnyooshea mikono. Tata Dimitri alifuta ishirini, mmoja mmoja, kwa uangalifu, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi. Kila kitambaa alikiinua juani. Vilikuwa vyeupe kuliko vilivyotoka ofisini.

Ngalula alizunguka meza yake. Alipita katikati ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mbele ya tata Dimitri, akamnyooshea mkono wa kulia.

Tata Dimitri akafuta. Kitambaa kikatoka chekundu. Akautazama mkono, akautazama ule wa kushoto, akalitazama soko zima.

"We njo mwenye mafuta, kisha haujipake?"

Watu wakacheka sana, na Ngalula mwenyewe, kwa haya, akacheka nao. Tata Dimitri akaandika kwenye daftari, akitamka anachoandika: watu ishirini na mmoja, safi ishirini, asiyejipaka mmoja. Vumbi: hakuna. Gari la maji: halihitajiki. Vitambaa vyeupe akavikunja katika mkoba. Kile chekundu akakiacha mezani kwa Ngalula, kisije kikachafua vingine, halafu akanunua kibuyu kwa ajili ya mamake, na kwa kuwa alilipa, akadai matabishi. Ngalula akampa.

Ndipo mama Honorine alipoinua mkono kuomba kimya.

"Meza ni ya Ngalula," alisema. "Na ile tupu ya pembeni."

Vigelegele vililipuka. Fifi alichota unga wa mahindi akammwagia Ngalula kichwani, kama wanavyomwagiwa wanaofaulu mtihani. Unga ukamshuka usoni, mabegani, ukaupisha mkono wa kushoto, ukatua kwenye wa kulia juu ya vumbi. Malori yakapita, moja, mawili, kumi na moja. Vumbi likainuka, likaenda kwa huyu likamwacha, likaenda kwa yule likamwacha, likabaki limesimama hewani katikati ya soko bila pa kutua. Kisha likaingia katika midomo iliyokuwa wazi kwa vigelegele. Soko zima likakohoa kwa pamoja, likatema mate, na mstari ukaendelea.

Kesho yake, fête ya bazazi, Ngalula alimpelekea mamake kibuyu kikubwa kuliko vyote na kumpaka mwenyewe mikono yote miwili. Mama aliigeuza juani, akafurahi, akasema hata siku ya arusi yake haikung'aa hivyo. Akakohoa. Akahesabu vidole: mwezi wa tano, wa sita, wa saba.

"Sasa gari ya mayi itakuya siku gani?"

Ngalula akamjibu. Mamake akasogea karibu, akamtazama midomo, akangoja arudie.