Gari la Kinyozi Lilivyokunywa Maji

Gari lilikuwa linakunywa maji kuliko ng'ombe, na hakuna aliyejua linayapeleka wapi. Mchana rejeta inajazwa mpaka shingoni. Jioni gari likirudi kutoka mlimani linaomba lita mbili nyingine, siku nyingine tatu. Chini ya injini pakavu kabisa. Fundi alikunjua boksi kubwa akalitandaza chini ya gari, akaliacha hapo siku mbili nzima, na boksi likatoka safi kama lilivyoingia. Hata tone la oili halikuwa nalo, jambo ambalo kwa gari la umri ule lilikuwa la kushangaza.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mwenye gereji ya mabati kwenye kona ambapo barabara inaanza kupanda mlima. Watu walimwita Spana. Jina hilo alipewa kwa dharau alipoanza kazi, na wale wale waliompa sasa walikuwa wakipanga foleni mlangoni kwake, kwa hiyo alilipokea kwa mikono miwili. Sifa yake kubwa ilikuwa moja: alikuwa hadanganyi. Kitu kikiwa kizima atakwambia kizima, hata kama umekuja umeshikilia kwamba kibadilishwe. Wapo waliomwona ana kiburi kwa ajili hiyo, lakini hao pia walirudi.

Na hili gari la kunywa maji lilikuwa la baba yake.

Baba alikuwa kinyozi. Alinyoa miaka hamsini, akanyoa wanaume wa mtaa, kisha watoto wao, kisha wajukuu wanaolia. Duka alishalifunga, lakini mteja mmoja alibaki, naye alikuwa Mwalimu mstaafu aliyeishi juu mlimani, aliyepooza upande mmoja na asiyeinuka kitandani. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana kinyozi alitia wembe, brashi na taulo kwenye begi, akapanda na gari lake la rangi ya chai ya maziwa mpaka kwa Mwalimu. Akimaliza kumnyoa, wanaanza kubishana. Walibishana juu ya serikali, mpira, hali ya hewa, na nani kati yao alianza kupata mvi, mpaka jua lipoe. Siku nyingine zote za wiki mzee alizipitisha tu akiingoja Alhamisi.

Sasa Alhamisi tatu mfululizo gari lilimchemkia njiani. Mara ya mwisho dereva wa lori alimkuta amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, kofia mkononi, boneti wazi, mvuke unapanda. Akampakia akamrudisha nyumbani. Watoto wake waliposikia habari hiyo, roho ziliwaruka.

Jumatatu kaka mkubwa alipiga simu.

"Mdogo wangu, lile gari unalitengeneza?"

"Natafuta ugonjwa wake. Kwa nini?"

"Usilitengeneze."

"Unasemaje?"

"Nisikilize kwanza, usinipande kichwani. Baba ana miaka sabini na minane. Tukimwambia aache kuendesha, atanuna mwaka mzima. Lakini wewe ukimwambia gari limekufa, yamekwisha. Wewe anakuamini."

"Kwa hiyo kwa vile ananiamini ndiyo nimdanganye?"

"Sema injini imekwisha. Neno moja tu, dada. Ndugu yetu yule mwingine nimeshaongea naye, tumekubaliana."

"Mmekubaliana na nani? Mimi nilikuwepo?"

Akakata simu. Alikasirika kiasi kwamba bolti aliyokuwa anaikaza ilikatika, ikabidi akae nusu saa nzima kuitoa, na hilo nalo akamwandikia kaka yake moyoni. Hakuwa mjinga. Na yeye aliogopa. Na yeye aliwaza lile jiwe na ile kofia. Lakini baba huyu ndiye aliyemnunulia boksi lake la kwanza la spana, wakati shangazi na baba wadogo wamekaa ukumbini wanashika vichwa wakiuliza binti ataolewa na nani. Amdanganye juu ya injini? Juu ya kitu kingine labda. Juu ya injini, hapana. Akaapa kwamba ugonjwa wa gari lile atautafuta mpaka aupate, na Alhamisi ya baba haitachukuliwa na mtu kwa ujanja wa kwenye simu.

Akaanza upya. Baba alikuja kila siku, akaketi juu ya tairi kuukuu na kumwangalia. Spana alichomoa thamostati, kilango kinachofunguka maji yakipata moto, akaichemsha kwenye sufuria; ikafunguka kama inavyotakiwa. Feni ilizunguka. Pampu ya maji ilikuwa haivuji wala haipigi kelele. Alichomoa kijiti cha oili kuona kama maji yameingia humo, maana oili yenye maji hugeuka kama uji. Ilikuwa nyeusi tu. Alipapasa zulia chini ya miguu ya abiria, kavu. Akawasha injini akasimama nyuma kunusa moshi, na moshi ulikuwa wa kawaida. Akalizungusha gari mitaa ya karibu mara sita, tambarare tupu, na halikuchemsha hata kidogo.

Ikabaki pampu ya kupimia presha, ambayo aliipenda kuliko vifaa vyake vyote. Unafungua kifuniko cha rejeta, unaifunga pampu mahali pake, unasukuma hewa kwa mkono mpaka sindano ipande, kisha unangoja. Kama kuna tundu popote, kwenye mpira, kwenye rejeta, ndani ya injini, sindano itashuka. Jumatatu alipima, sindano haikutikisika. Jumanne vile vile. Jumatano asubuhi aliiacha saa nzima, akaenda kumfanyia mtu breki, akarudi akaikuta pale pale inamtazama.

"Basi ni gasketi ya hedi, ile ya kuziba kichwa cha injini," baba alisema kutoka kwenye tairi.

Spana akageuka. "Na wewe umejulia wapi gasketi?"

"Nimenyoa mafundi wengi. Mtu akiegemea kiti anasema yote." Akajikuna kidevu. "Ikiwa ni hiyo, ndiyo limekufa?"

"Huenda, nyingine huvuja injini ikiwa ya moto tu. Gari la umri huu, kufungua hedi, kuichonga, na huenda imeshapinda... Wengi wangeliacha, baba."

"Basi liache, mama."

Alisema polepole, bila kumwangalia. Spana akaumia. Akaona mzee amekata tamaa, ameshalizika gari na Alhamisi pamoja nalo, na kaka yake atapata alichotaka bila hata kusema uongo. "Siachi," alijibu, akaenda kuchukua spana za kufungulia hedi.

Alipoingiza mkono mfuko wa ovaroli kutafuta kitambaa, akashika kitu cha mviringo. Kifuniko cha rejeta. Siku zote tatu, kila alipofunga pampu, alikitia mfukoni kisipotee, na kila alipomaliza alikirudisha bila kukitazama. Sasa akakigeuza. Mpira wa ndani ulikuwa umekauka kama soli ya kiatu cha zamani, una ufa kutoka upande huu mpaka ule. Akabonyeza springi yake kwa kidole gumba. Ikazama bila ubishi wowote.

Spana akasimama mdomo wazi. Kifuniko ndicho kinachobana presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Kifuniko kikifa, gari likienda tambarare hutajua. Likipanda mlima, maji yanachemka kabla ya wakati, yanatoka kwa kampira kembamba kaliko pembeni ya shingo ya rejeta, yanapeperushwa na upepo njia nzima. Chini hapalowi kitu. Na yeye, fundi mzima, amepima kila kitu cha gari lile isipokuwa kile alichokitoa ili apate kupima.

"Mimi ni mjinga wa kutupwa!" akapiga kelele, anacheka. "Baba! Gari lako zima! Kifuniko tu!"

Alitegemea mzee ainuke, labda hata acheze kidogo, maana zamani alikuwa anacheza kwa mambo madogo kuliko hayo. Mzee alinyoosha mkono akapokea kifuniko, akakizungusha polepole kwa vidole, akaukuta ufa kwa ukucha.

"Kitu kidogo hivi," akasema. "Una hakika?"

"Asilimia mia."

"Hongera, mama." Akamrudishia. Kisha akaomba maji ya kunywa. Spana akasema moyoni kwamba uzee nao una mambo yake, akaenda dukani kutafuta kifuniko kipya.

Alhamisi alifunga gereji saa saba na nusu. "Leo tunakwenda wote," alimwambia baba. "Endesha wewe kama kawaida yako, mimi niangalie geji ya joto. Nataka mlima wenyewe, na mwendo wako wewe."

Mzee alishika ufunguo kitambo kabla ya kuutia mahali pake. Begi la kunyolea akaliweka kiti cha nyuma.

Mlima ule ni mrefu na una kona nyingi. Spana alikodolea macho sindano ya joto kama mtu anayetazama mtoto wake akijifunza kutembea. Kona ya kwanza, sindano katikati. Kona ya tatu, katikati. Walipita lile jiwe la siku ile, sindano haikujigusa. Akajisikia raha isiyo na kifani. Alishaanza kuyapanga maneno ya kumwambia kaka yake, na hayakuwa machache.

Aliinua macho kwa bahati tu. Mbele yao, palipo wazi, juani kweupe, mwanamke alikuwa anavuka na toroli lenye madumu ya maji. Spana akangoja baba apunguze mwendo. Baba hakupunguza. Alikuwa anatazama mbele, ametulia, mikono yake miwili kwenye usukani.

"Baba! Baba, mtu!"

Breki zikalia. Gari likasimama shubiri moja kutoka kwenye toroli, na madumu mawili yakaanguka yakaviringika mtaroni.

"We mzee, huoni?" mwanamke alifoka.

Spana alishuka, akaokota madumu, akaomba radhi mpaka akaishiwa maneno. Mwanamke akaondoka ananung'unika, na haki yake. Spana aliporudi garini alimkuta baba vile vile, hajaachia usukani. Injini ilikuwa inaunguruma taratibu, tamu, kama mpya. Sindano iko katikati.

"Nilidhani kivuli," mzee alisema.

Spana akafunga mlango taratibu.

"Mwaka wa pili huu. Katikati naona, pembeni naona, halafu kuna mahali pamejaa ukungu, na pahali penyewe panahama. Kunyoa nanyoa kwa vidole. Uso wa Mwalimu naujua kuliko wangu. Lakini barabara siwezi kuipapasa."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Niseme vipi? Mtu anawaambiaje watoto wake neno kama hilo?" Akapangusa usukani kwa kiganja. "Gari lilipoanza kuchemsha nilifurahi, mama. Mungu anisamehe. Nikasema sasa litakufa, watu watasema pole, gari lake limekufa, na yataishia hapo. Nitakuwa mtu ambaye gari lake lilikufa. Kila siku nilikuja pale kwenye tairi kungoja uniambie. Na wewe ukakazana, ukakazana..."

Spana aliona machozi ya baba yake, na hakuwahi kuyaona hata walipomzika mama. Aliona aibu kubwa. Angetamani kukirudisha kile kifuniko cha ufa mahali pake, na zile siku tatu zote, na furaha yake ya kijinga pale gereji.

"Alhamisi nitakuleta mimi," alisema mwishoni. "Na pikapu ya gereji. Kila Alhamisi."

"Una kazi zako."

"Kazi zitangoja. Mwalimu hawezi kungoja, ndevu zake unazijua."

Mzee akacheka kidogo, puani. Hapo simu ikaita. Spana akaitazama, akamwonyesha baba, kisha akakumbuka, akasema, "Ni kaka."

Spana akapokea.

"Vipi, mdogo wangu? Umefikia wapi na hilo gari?"

Miaka ishirini alikuwa hajamdanganya mtu juu ya injini. Alimwangalia baba yake, na baba yake alikuwa amegeuzia uso upande wake, anangoja, kama alivyongoja pale kwenye tairi.

"Limekufa, kaka," Spana alisema.

"Kweli?"

"Gasketi ya hedi, na hedi yenyewe imepinda. Halitengenezeki. Nimeshamwambia baba."

Kaka akashusha pumzi ndefu. "Ahsante. Najua haikuwa rahisi kwako. Ameipokeaje?"

"Ameipokea vizuri."

"Mpe pole sana. Mwambie..." Akasita. "Lakini mbona nasikia injini hapo? Mko wapi?"

Spana akaziba simu kwa kiganja. Mzee akapapasa chini ya usukani mpaka akaukuta ufunguo, akaugeuza, na injini ikazimika.