Kipindi cha Kusikiliza

Sista alikuwa amemla ng'ombe mzima, akabakiwa na mkia. Kwa miaka mitano alifanya zamu ya usiku katika wodi ya wazazi na kusomea shahada ya uuguzi mchana, na sasa ilibaki kozi moja tu avae joho, akabidhiwe uongozi wa wodi. Lakini chuo kilikuwa na sharti lake: hahitimu mtu bila kusoma kitu kilicho mbali na fani yake. Wahandisi walisoma ushairi, wanasheria walihesabu nyota. Sista alinung'unika kwamba mama mwenye uchungu hamuulizi mkunga kama anajua ushairi, kisha akachagua Kusikiliza Muziki. Kusikiliza nako ni kazi?

Kipindi kilikuwa saa nane mchana. Mhadhiri, kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, alifunga mapazia mazito, akaweka wimbo wa fidla usio na maneno. Feni ilizunguka polepole. Sista alikuwa ametoka kazini asubuhi hiyohiyo, na usingizi ulimchukua mzobemzobe kabla wimbo haujafika mbali.

Na humo ndani alimkuta mumewe.

Mumewe alikuwa fundi rangi, na alifariki miaka miwili kabla ya hapo. Tangu wamzike, ukoo mzima ulikwisha kumwota. Mama mkwe alimwota akiomba chai. Wifi alimwota mara tatu, tena akicheka, na hakuona haya kumtania Sista kwamba huenda marehemu anamkwepa. Sista alicheka nao, lakini lilimuuma. Usingizi wake wa nyumbani, wa asubuhi, jua likipenya dirishani na majirani wakipigizana kelele, ulikuwa mfupi na mtupu.

Sasa huyu hapa, juu ya ngazi, kampa mgongo, anapaka rangi ya maziwa kwenye ukuta wa chumba ambacho Sista hakukijua. Brashi ilipanda na kushuka sawasawa na fidla. Chumba hakikuwa na dari. Juu kulikuwa na weupe tu, ukidondoka taratibu bila kumlowesha mtu. Sista hakumsemesha. Alikaa sakafuni akamtazama, na hilo lilimtosha.

Wiki iliyofuata wimbo ukawa uleule, maana mhadhiri aliamini wimbo mmoja unatosha muhula mzima. Mumewe naye alikuwa amehamia ukuta wa pili. Basi Sista akawa anakwenda darasani na gauni lililopigwa pasi, amejipaka mafuta, kama msichana anayechumbiwa. Vijana wa darasa walimbandika jina la Mama Mto, mto wa kulalia. Hakujali.

Siku ya mtihani waliulizwa jambo moja tu: umesikia nini katika wimbo huu? Wenzake walijaza kurasa. Sista aliandika namba yake ya usajili, akarudisha karatasi tupu. Alikuwa ameshafikiria vizuri. Anayefeli hurudia muhula mzima.

Mhadhiri akamwita ofisini. Alimwamkia, akampa kiti, akaiweka ile karatasi mezani. Alisema kwa upole kwamba alimwona akilala wiki zote, na alimwona pia akiamka na machozi, na angependa kujua huko anasikia nini. Sista akamweleza yote, ngazi, brashi, na ule weupe. Kijana hakumkatiza. Alipomaliza, akachukua kalamu.

"Mama, hayo ndiyo majibu. Umefaulu."

"Mwanangu, nakuomba unifelishe."

Kijana akaishusha kalamu.

"Siwezi, mama. Lakini darasa langu halina mlinzi. Muhula ujao njoo tu ukae."

Akahitimu, akapewa wodi. Mkuu wa wodi hafanyi zamu ya usiku. Anaingia asubuhi, anatoka jioni, analala kitandani kwake kama watu wengine. Siku yake ya mapumziko ilipoangukia siku ya kipindi, alirudi darasani, akakaa kiti chake cha nyuma. Mapazia yakafungwa. Sista akafumba macho, akangoja.

Usingizi haukuja. Alikuwa amelala usiku kucha. Akabana macho, akavuta pumzi polepole, wapi. Alisikia fidla ya kwanza, kisha ya pili ikiifuata kwa chini, kisha kimya kifupi ambacho hakuwahi kujua kuwa kipo, kisha mwisho. Alitazama saa ya ukutani. Wimbo mzima ulikuwa wa dakika tisa, na yeye alidhani walikuwa wakikaa mle siku nzima.

Moyo ulimuuma kuliko siku ya mazishi. Akanyoosha mkono, mtu mzima katikati ya watoto, akaomba urudiwe.