Kivuli cha Saa Kumi

Lori la mizigo liliondoka saa tisa na nusu, likamwacha msusi uani katikati ya magunia ya vyombo na kabati lililogoma kupita mlangoni. Mumewe, dereva wa basi aliyestaafu, alikuwa ndani akigombana na msumari wa saa ya ukutani. Nyumba ilikuwa mpya, ya matofali, vyumba vinne, bati jekundu. Kabla ya kuinunua waliiona mara moja tu, saa sita mchana, kwa sababu muuzaji, aliyeitwa Bwana Kamati, alishikilia kwamba saa nyingine hana nafasi. Saa sita nyumba ilikuwa imekikalia kivuli chake, na wao hawakuuliza.

Saa kumi kivuli kilitoka. Kilikuwa cha nyumba ndogo ya nyasi, yenye kibaraza na mpapai pembeni. Msusi akatazama juu: matofali, bati, mpapai hakuna. Akatazama chini: mpapai upo, na mapapai matano. Kwenye kivuli cha kibaraza kilikaa kivuli cha mwanamke, kinapepeta.

"Wewe dereva, hebu njoo."

Mumewe akaja na nyundo yake, akaangalia. "Afadhali," akasema. "Kabati tuliweke hapo, lisipigwe na jua."

Mjini, saluni ya msusi ilikuwa na viti viwili na watu kumi na tano, kumi na watatu kati yao wamekuja kupiga soga tu. Kuhamia shamba alikuwa amekubali kwa shingo upande, na alichoogopa si nyoka wala kiza, ni nyumba isiyobishwa hodi. Kwa hiyo alipoona watu wanaingia uani na vigoda vyao, moyo ulimtulia. Walivua viatu pale kivuli kilipoanzia, wakapiga hodi kuelekea ardhini, wakakaa.

"Karibuni ndani jamani, msikae nje."

"Tumeshaingia, shemeji," alisema fundi baiskeli, mtu wa kofia ya pama na maneno mengi. "Lete chai tu."

Wa mwisho kuja alikuwa bibi mmoja, mjane, aliyekuwa akilala kwenye stoo ya mashine ya unga. Alikwenda moja kwa moja kibarazani, akaketi juu ya kile kivuli kinachopepeta, kikamkaa kama gauni lililokatwa kwa kipimo chake. Msusi alimkalia nyuma, akaanza kumsuka. Umbea ukanoga. Nani kaachika, nani karudiwa, mke wa mwalimu kafuata nini kwa seremala. Msusi alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amefika kwake.

Jua lilipokaribia kuzama, kivuli cha meza kilitokea karibu na lango. Vivuli vya watu vikapanga foleni, kila kimoja kikainama na kubonyeza dole gumba kwenye karatasi. Halafu kikaingia kivuli cha trekta.

"Shemeji, inua birika," alisema fundi baiskeli. "Tupishe."

Wengine wakasimama, wakasogeza vigoda hatua tatu, mazungumzo yakiendelea. Trekta likabomoa kibaraza, likabomoa ukuta, likalaza mpapai. Hakukuwa na sauti hata moja. Kivuli cha mwanamke kilitoka kimekumbatia sufuria inayofuka moshi. Kando yake vilisimama vivuli kumi na kimoja, mikono nyuma, na kimoja kilivaa pama.

Birika lilimponyoka msusi. Chai ilimwagika miguuni pake, asiihisi.

"Na nyinyi mlikuwa wapi?"

"Hapahapa. Si unatuona?" Fundi alielekeza kidole chini. "Bwana Kamati alileta karatasi ya mashahidi. Iliandikwa kwamba kiwanja ni kitupu. Tukatia dole."

"Kitupu, na mtu yumo ndani anapika?"

"Ndiyo maana trekta likaja, shemeji. Tungeonekana waongo."

Msusi alitazama uso mmoja baada ya mwingine, na kila uso ulimtazama kwa upole, kama wanavyotazamwa wageni. Bibi pekee ndiye aliyekuwa hajainuka. Alikaa kwenye ardhi tupu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka.

"Bibi, lala hapa. Vyumba ni vinne."

"Humo ni kwako, mwanangu. Mimi kwangu ni hapa. Ukitaka kunisaidia, twende ofisi ya ardhi ukaseme ulichokiona. Hawa wameshasema cha kwao."

"Tutakwenda, bibi. Kesho."

Usiku huo mumewe aliitoa hati kwenye bahasha. Kiwanja kitupu, mashahidi kumi na mmoja. "Ukienda kusema," aliuliza, "sisi tutarudi wapi? Nyumba ya mjini tumeshauza." Msusi alilia mpaka mto ukalowa.

Kesho yake kulikuwa na kabati la kuingiza, ikabidi mlango ung'olewe. Keshokutwa alikuja mteja. Wiki iliyofuata walikuja sita, na bibi akaletewa kiti chenye mto, na sukari vijiko vitatu kama anavyopenda. Kila jioni aliuliza, "Twende lini, mwanangu?" na kila jioni aliambiwa kesho. Siku za mvua, jua lisipotoka, alisimama langoni amejitwika mfuko wa nailoni, asiingie, maana nyumba haikuwepo.

Mwezi wa tatu tangu wahamie, trekta lilipoingia kama kila jioni, msusi aliinua birika bila kuambiwa, akasogea hatua tatu huku akimalizia habari ya mke wa mwalimu.

Fundi baiskeli alitazama chini, akahesabu. Vivuli vilivyosimama kando vilikuwa kumi na viwili. Cha mwisho kilishika birika.

"Sasa umekuwa mwenyeji," akasema, akanyoosha kikombe aongezewe.