Kijumba cha Chini Kushoto

Dada yangu alilipima begi lake kwenye mzani wa vifurushi. Kilo saba na nusu. Akatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani. Mimi nilikuwa nimefura. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, gunia la barua za nje lingefungwa saa nne, basi lake lingeondoka saa sita, na fomu yake ilikuwa bado mfukoni mwangu bila sahihi.

Katika chumba hicho cha kupangia barua tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na saba. Ukuta mzima ni vijumba vya mbao, kila nchi na chake. Vya juu hufurika kila siku. Chini kushoto kuna vitatu visivyopata hata barua tano kwa mwaka, na hufutwa utando wa buibui tu. Wenzetu walimpa dada jina la Ramani, kwa sababu hakuna kijumba alichohitaji kusoma kibandiko chake. Alistaafu Ijumaa. Jumatatu hii alikuwa anaondoka, peke yake, kwenda nchi zile tatu za chini kushoto.

Tena bila kampuni ya watalii, maana hakuna inayokwenda huko. Safari aliipanga mwenyewe nyuma ya lebo za magunia, akifuata njia ya barua: gunia linashukia wapi, linalala wapi, linapanda treni gani. Nilipomuuliza nani atampokea, alinijibu, "Barua haina mdomo na inafika. Mimi nina mdomo, na miguu juu yake." Ana miaka sitini. Goti lake moja linalia akipanda ngazi. Pamoja na hasira zangu zote nilikuwa namwonea fahari, na hilo ndilo lililonizidishia hasira.

Fomu ilikuwa ya nchi ya tatu. Viza hutolewa mpakani, lakini fomu lazima itangulie kwa posta, na sehemu ya saba inataka sahihi ya ndugu wa kuarifiwa. Ndugu ni mimi tu. Mama alipofariki ni dada aliyenilea, akanitafutia na kazi hii. Kutia sahihi pale ni kukubali kwamba simu mbaya ikipigwa, nitaipokea mimi. Bila sahihi angeona nchi mbili, kisha angerudi nyumbani. Wiki tatu nilikuwa nimeibeba fomu hiyo nikijifanya mwenye shughuli nyingi.

"Mdogo wangu, saa tatu hiyo," alisema, akifunga kamba za viatu.

"Naiona, dada."

"Fomu umeisahau nyumbani?"

"Ninayo. Ila sitii sahihi."

Msimamizi wetu, aliyekuwa anahesabu magunia, ghafla akakumbuka kazi chumba cha pili.

Dada hakukasirika. Heri angekasirika. "Haya, sema," aliniambia.

"Hizo mbili hazikutoshi? Ile ya tatu una nini nayo? Kule unamjua nani?"

"Namjua mtu mmoja." Akalifungua begi alilolipanga kwa siku nne, akatoa kamusi yake kuukuu, na ndani yake kikaratasi kilichogeuka manjano. "Unaikumbuka ile barua?"

Niliikumbuka vizuri mno. Mwezi wangu wa kwanza kazini niliitumbukiza barua ya mzee mmoja kwa mwanawe katika kijumba cha nchi hiyo ya tatu, chini kushoto, badala ya kile cha jirani yake. Ikapotea miezi miwili. Wakaguzi walipokuja kuchunguza, dada alisema ule ulikuwa mkono wake, na karipio akalibeba yeye. Nilijua barua ilirudi. Sikujua kwamba ilirudi na kikaratasi.

"Nilishinda na kamusi siku nzima kukisoma," alisema. "Sikiliza. 'Imefika kwetu kwa makosa. Ilikuwa imelowa, tumeikausha. Tunairudisha salama.' Hakuna jina. Sasa huyo nani kamlazimisha? Barua si yake, wala sisi si watu anaotujua. Miaka yote hii najiuliza watu wa namna hiyo wanaishi mahali gani. Nataka nikapaone, basi."

Nilimtazama dada yangu na goti lake na kilo zake saba na nusu. Sisi wengine tulikuwa tunafuta buibui pale. Yeye alikuwa ameona mtu mle ndani. Nikaitoa fomu mfukoni.

"Nipe kalamu," nilisema, "kabla sijabadili nia."

Nilitia sahihi. Kisha nikachukua kikaratasi kipya, nikaandika mistari miwili kwa lugha yetu. Na wao watafute kamusi. Dada alinyoosha shingo kuchungulia, nikamkinga kwa kiwiko. "Mambo ya ofisi haya. Wewe umestaafu." Nikakibana kwenye fomu, nikafunga bahasha, nikagonga muhuri. Kibandiko cha kijumba nilikikagua mara mbili kabla ya kuitumbukiza.

Alinikumbatia kwa nguvu. "Usilie hapa, utalowesha barua za watu." Akalitupia begi begani na kutoka, akichechemea kidogo, hana hata habari na sisi tuliobaki mlangoni.

Gunia lilifungwa saa nne kamili. Kikaratasi changu kilikuwa ndani yake: "Huyu haji kwenu kwa makosa. Akilowa, mkausheni. Kisha mrudisheni salama."