Upanga wa Bodil

Mkurugenzi mpya wa makumbusho yetu, Preben, ana digrii mbili na hajawahi kuchimba hata kiazi. Siku ya kufungua maonyesho alisimama mbele ya wageni kutoka Kopenhagen, akaunyooshea kidole upanga wa shaba ndani ya kioo.

"Mnaona ulivyopinda? Kuhani aliukunja kwa makusudi, miaka elfu tatu iliyopita, akautumbukiza kinamasini. Sadaka kwa miungu!"

Ni kweli wazee wa kale walikuwa wakifanya hivyo. Wageni wakaguna kwa heshima. Mimi nilikuwa namimina kahawa, kama kila Jumanne.

Kando yangu alikaa Ejnar, mfugaji wa nguruwe, shati lake limepigwa pasi upande mmoja tu. Alikuwa anasoma kibao cha maelezo ya upanga. Habari za kuhani zilijaza mistari kumi na mmoja, chini yake, "Uliokotwa na mkulima."

"Thyra," akaninong'oneza, "jina la Bodil liko wapi?"

Bodil, marehemu mkewe, ndiye aliyeutoa upanga huo kwenye tope, akiwa bado mchumba. Ejnar alipouleta kwetu aliomba jambo moja tu: jina la Bodil liandikwe. Preben alimjibu kwamba nafasi haitoshi.

"Simama useme," nikamwambia.

Akasimama. "Bwana mkurugenzi, huyo kuhani namjua. Ni mke wangu."

Watu wakacheka.

"Mlango wa zizi uliganda kwa barafu, akaubandua kwa huo upanga. Mlango ukafunguka, upanga ukapinda. Nilipomgombeza akaniuliza, 'Kwani Krismasi utakula nguruwe au upanga?'"

"Mzee wangu," Preben alisema kwa sauti ya kubembelezea watoto, "umri huchanganya kumbukumbu."

"Na picha ya harusi nayo imezeeka akili? Humo tunakata keki kwa upanga huu, umenyooka kama rula!"

Akaanza kupapasa mfukoni, kikombe cha kahawa bado kiko mkononi. Mama mmoja mgeni, mtaalamu wa silaha za kale, akampokea kikombe taratibu ili aweze kutoa picha mfukoni. Yule mama akavaa miwani, akatazama picha, kisha upanga.

"Ni huu huu," akasema. "Ufa wa mpinini ni uleule. Preben, huyo kuhani umemtoa wapi?"

Preben akatazama dari. "Tutarekebisha mwezi ujao."

"Kalamu hii hapa," nikamwambia.

Akachuchumaa, masikio mekundu, akafuta mistari kumi na mmoja, akaandika: *Uligunduliwa na Bodil Kjeldsen.*

Ejnar alikuwa amesimama nyuma yake, akisoma kila neno.

"Na kupindwa," akasema. "Andika na hilo."