Shuka Jekundu Juu ya Mabati

Askari walimkamata Fatna asubuhi, kando ya mto, akichochea moto chini ya pipa la pombe. Kufikia adhuhuri mama yake, Zeinabu, mtoto mchanga wa Fatna akilia mgongoni, alikuwa amepita nyumba nyingi za Kibra akitangaza kwamba mke wa kaka yake amewauza.

Mwisho akafika kwa huyo mke, Sitelbanat. Nyumba yake ilikuwa juu mlimani. Akiona askari alipaswa kutundika shuka juu ya paa, walio mtoni wakimbie.

"Nilitundika," alisema Sitelbanat.

"Mwongo! Nilikuwa mtoni na mwanangu. Nililitazama paa lako mpaka shingo ikauma."

"Shuka jekundu kama damu, wifi. Labda macho ndiyo uliyoyauza."

"Tulisema jeupe!"

"Kaka yako yuko Burma vitani. Nitundike jeupe kama mjane, nimkalie eda mume aliye hai?"

Zeinabu alitema mate. "Panda tena. Nionyeshe."

Akashuka mtoni, akasimama penye majivu ya pipa. Juu kule aliuona mkono wa wifi yake ukikunjua kitu. Kitu chenyewe hakukiona. Kwa karibu, nyekundu hulichoma jicho. Kwa mbali, kitu kikiwa kidogo, jicho hupoteza rangi kwanza, likabaki na mwanga na giza. Shuka lile na kutu ya mabati vilikuwa na giza moja.

Kwa hasira Sitelbanat akatupa kando ya shuka mfuko wa unga wa kitambaa cheupe cha marekani. Zeinabu akauona papo hapo, ingawa hakutaka.

Alirudi juu akihema. "Hukutuuza. Lakini uliambiwa jeupe, na mtoto huyu ananyonya. Utaenda kituoni useme pipa ni lako."

Sitelbanat alimtazama mtoto. "Nitaenda."

"Sasa hivi."

"Kwanza utapita kila nyumba uliyonitukania. Kwa sauti ile ile."

Zeinabu akaupiga ngumi mlango wa mzee Abdelkarim. "Sitelbanat hakutuuza! Ni mpumbavu tu!"

"Hilo la pili sikukutuma," alisema Sitelbanat nyuma yake.

"Hilo nalitoa bure," alijibu Zeinabu, akaenda mlango uliofuata.